Sanamu ya Mfiwa Aliyeachwa Peke Yake: Uchambuzi wa Kisa cha Mfinyanzi Mmoja

Kisa hiki kinamhusu mfinyanzi wa sanamu za watu, mwanamke wa makamo anayefanya kazi katika mji mmoja wa Tanzania, ambaye alikusudia kutengeneza mfululizo wa sanamu za udongo kuhusu huzuni ya kufiwa. Jina lake, mji wake, taasisi iliyompa ukumbi na familia iliyoguswa vimeondolewa, na maelezo machache yasiyohusu kiini cha jambo yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Kisa kimechaguliwa kwa sababu ndani yake mna matatizo mawili ambayo kwa kawaida hufundishwa mbalimbali, yaani sanamu kupasuka motoni na msanii kutumia uso wa mtu bila ridhaa yake, na hapa yote mawili yalizaliwa na uamuzi mmoja.

Usuli

Mfinyanzi, kama tutakavyomwita, alijifunza udongo kwa bibi yake mzaa mama, aliyefinyanga vyungu vya kupikia na mitungi ya maji kwa kupandisha miviringo ya udongo bila gurudumu, kisha akavichoma mahali pa wazi kwa kuni na nyasi. Baadaye alisoma sanaa chuoni, akachora miili ya watu, akaoneshwa picha za sanamu za Ulaya na za Afrika Magharibi. Aliporudi nyumbani alijiunga na kikundi cha wafinyanzi chenye joko la matofali, akawa anaishi kwa kuuza vyungu vya maua na vichwa vidogo vya wazee vilivyopendwa na watalii. Vichwa hivyo, kwa maneno yake mwenyewe, vilikuwa na mikunjo mingi lakini havikuwa na habari.

Wapo wanaodhani kwamba kumfinyanga mtu kwa udongo ni jambo la kuletwa na vyuo. Kaskazini-mashariki mwa Tanzania sanamu ndogo za udongo zilitumika tangu zamani katika mafunzo ya jandoni na unyagoni, zikiambatana na nyimbo, na Hans Cory, aliyezikusanya kwa wingi wakati wa ukoloni, alichapisha maelezo yake mwaka 1956. Nyingi hazikuchomwa kabisa, kwa sababu hazikukusudiwa kudumu. Mfinyanzi alizifahamu, na hilo lina uzito katika yanayofuata, kwa kuwa sanamu zile zilikuwa vifaa vya mazungumzo kati ya watu waliokaa pamoja, jambo ambalo mpango wake wa kwanza ulilisahau.

Taasisi moja inayotoa ushauri nasaha kwa wafiwa ilimpa ukumbi, fedha za udongo na kuni, na tarehe ya maonesho. Tarehe hiyo iliangukia mara tu baada ya masika. Kwa maneno mengine, kazi yote ya kukausha ilipaswa kufanyika katika miezi ya mvua, na hakuna aliyelitazama jambo hilo kwa makini wakati wa kutia saini.

Mpango wa awali na sababu zake

Mfinyanzi alipanga sanamu saba, kila moja ikiwa ya mtu mmoja. Sita zilikuwa na urefu wa nusu mita na zaidi kidogo: mwanamke aliyeshika tama, kijana aliyeweka mikono kichwani, mzee aliyesimama mikono nyuma, na wanawake watatu walioketi mkekani wamejiinamia ndani ya khanga. Ya saba ilikuwa kichwa peke yake, kikubwa kuliko cha binadamu, kinywa wazi, cha mama anayelia.

Chanzo cha mpango huu kilikuwa kazi aliyoipenda tangu chuoni, sanamu mbili za mawe za Käthe Kollwitz zilizoko katika makaburi ya Vladslo nchini Ubelgiji. Kollwitz, Mjerumani, alimpoteza mwanawe Peter vitani mnamo Oktoba 1914, na sanamu za baba na mama waliopiga magoti zilikamilika mwaka 1932. Wazazi wale wawili hawagusani. Kila mmoja amejikumbatia mwenyewe na uchungu wake, na nguvu ya kazi ile imo katika nafasi iliyoachwa kati yao. Mfinyanzi alichukua kutoka hapo kanuni kwamba huzuni ni ya mtu binafsi na kwamba sanamu ya huzuni lazima iwe ya mtu aliye peke yake. Kanuni hiyo inafaa kabisa pale ilipotoka. Hakujiuliza kama inafaa matangani.

Uamuzi wa pili ulihusu uso. Mfinyanzi alihoji kwamba mtazamaji wa ukumbini hupita haraka, na kwamba uso ndio unaosomwa kwa upesi kuliko kiungo kingine chochote. Hoja hii si ya kipuuzi. Tatizo ni mahali alipoutoa uso wenyewe. Katika msiba mmoja wa jirani, mpiga picha wa shughuli alikuwa amempiga picha mama aliyefiwa na mtoto wake wakati jeneza likitolewa nyumbani, na picha hiyo ikasambaa katika kundi la WhatsApp la mtaa. Mfinyanzi aliihifadhi simuni, akaikuza, akaifinyanga. Hakuwa na nia mbaya. Aliona kwamba picha iliyokwisha kuonwa na mtaa mzima haikuwa siri tena.

Kwa kuwa alifuata picha, alifanya kazi kwa kuongeza: midomo juu ya taya, mashavu juu ya midomo, kope juu ya macho, kila mara akibandika donge jipya ili kuukaribia zaidi ule mfanano. Kuta za viwiliwili, alizozijenga kwa miviringo kama mitungi ya bibi yake, zilikuwa na unene wa sentimita 1 na nusu hivi. Kuta za vile vichwa vilivyoonekana wazi zilifika sehemu nyingine sentimita 4 au 5, na kichwa cha mama kilikuwa kizito kiasi kwamba kilibebwa na watu wawili.

Kichwa hicho kilipokuwa kikikauka, mwanamke aliyekuja kununua chungu alisimama mbele yake na kuuliza kama yule si mama fulani. Mfinyanzi alikiri, mgeni akanyamaza, kazi ikaendelea. Hapo palikuwa na nafasi ya kusimama, nayo ikapita.

Uchomaji wa kwanza

Kikundi huchoma vyungu kwa pamoja kabla ya siku ya gulio. Vyungu vyenye kuta nyembamba vinaweza kupandishwa moto asubuhi na kumalizika kabla ya usiku. Mfinyanzi aliamua kuweka sanamu zake katika joko hilohilo, chini ya vyungu vya wenzake, kwa sababu kuni zilikuwa ghali na tarehe ilikuwa imekaribia. Alizipima ukavu kwa njia ya kienyeji ambayo ni nzuri ikitumiwa sawasawa: unagusisha udongo shavuni, ukiwa bado na ubaridi, maji yamo. Alipima mabega na migongo, akakuta pakavu. Sehemu ya ndani ya shingo na ya taya, ambako udongo ulikuwa mnene na hewa haikupita, haikupimika kwa shavu.

Milio ilianza kabla moto haujawa mkali, wakati joko likiwa bado linatoa moshi mweusi. Kichwa cha mama kilipasuka kwanza, kikafuatwa na kichwa cha mwanamke aliyeshika tama na cha kijana, na vipande vyake vikavunja midomo ya vyungu kadhaa vilivyokuwa juu. Sanamu ya mzee ilitoka nzima lakini ikiwa na ufa ulioizunguka shingo. Tatu zilizosalimika zilikuwa wanawake waliojifunika khanga. Ushungi wao ulikuwa umejengwa kwa miviringo, ukiwa wazi ndani, na chini yake hapakuwa na uso bali kivuli tu.

Wengi kikundini walieleza kwamba hewa ilinaswa ndani ya udongo ikatafuta njia ya kutoka. Maelezo haya husikika karibu kila warsha, na yanafaa kusahihishwa kwa sababu yanampeleka fundi kutafuta kosa pasipokuwa na kosa. Hewa inayopashwa kutoka joto la kawaida la chumba hadi nyuzi 100 huongezeka kwa takriban robo tu ya ujazo wake, kiasi ambacho udongo wenye vitundu hukistahimili. Maji ndiyo yanayovunja. Yanapogeuka mvuke hutaka nafasi inayokaribia mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo, na yakiwa katikati ya ukuta mnene ambao uso wake wa nje umekwisha kukauka na kuziba, hayana njia nyingine isipokuwa kuupasua. Donge la udongo lisilo na hewa hata kidogo, likiwa bichi ndani, litalipuka. Sanamu yenye uwazi mkubwa ndani, ikiwa kavu kabisa, itapona.

Mfinyanzi aliwalipa wenzake vyungu vyao. Hilo lilimalizika siku ileile bila mzozo, kwa kuwa kikundi kina utaratibu wake wa hasara za joko.

Ujio wa mama mwenye msiba

Habari zilifika mtaani zikiwa na umbo jingine: kwamba sanamu ya mama fulani imelipuka motoni. Palikuwa na waliosema ni laana, na palikuwa na waliouliza kwa nini mtu aliye hai afinyangwe na kuchomwa. Mfinyanzi alitambua kwamba kunyamaza kungemuumiza yule mama mara ya pili, akaomba mwanamke mzee anayeheshimiwa na familia zote mbili amsindikize. Hakwenda na zawadi wala fedha mkononi. Alikwenda na ile picha, akaeleza alivyoipata na alichokifanya.

Yule mama hakuwa na habari kwamba picha hiyo ipo. Hakukasirika kwa sauti. Aliomba muda, na siku chache baadaye akafika mwenyewe karakanani pamoja na dada yake. Alioneshwa vipande, na kimoja kilikuwa kikubwa, jicho moja na shavu vikiwa vimebaki vizima. Aliomba kivunjwe, na kikavunjwa mbele yake. Kisha akazitazama kwa muda mrefu zile sanamu tatu zilizopona, akauliza jambo ambalo halikuhusu uso kabisa.

“Mwanangu, hawa mbona mmewaacha peke yao?”

Mfinyanzi alijaribu kueleza kwamba alitaka kuonesha upweke wa mfiwa. Mama akajibu kwamba upweke huja baadaye, watu wakishaanua matanga na kurudi makwao, lakini siku ile hakuachwa hata dakika moja. Hakukumbuka sura yake ilikuwaje, na asingeweza kuikumbuka, kwa kuwa hakuiona. Alichokumbuka ni mikono iliyopita chini ya makwapa yake kutoka nyuma, na kifua cha mtu kilichokuwa kikipumua mgongoni mwake. “Sikusimama mimi,” alisema. “Nilisimamishwa.”

Alipoulizwa kama maneno yake yanaweza kuongoza kazi mpya, alikubali kwa masharti mawili: sura yake isitumike tena, na jina lake lisitajwe popote. Alipotajiwa malipo alikataa. Mama huyo pia amesomewa maelezo haya na kuyaridhia katika hali hii yalivyo.

Maamuzi ya awamu ya pili

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuomba maonesho yasogezwe mbele hadi kipupwe, wakati hewa ni kavu. Taasisi ilisita, kwa kuwa ilikuwa na ratiba yake, lakini ikakubali baada ya kuelezwa kwamba sanamu zitakuwa chache. Ombi hili lingeweza kutolewa mwanzoni kabisa, na pengine lingekubaliwa kwa urahisi zaidi.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuacha mtu mmoja mmoja na kufinyanga watu wawili wawili, anayeshikwa na anayeshika. Mfinyanzi hakurudi kwa wafiwa kutafuta mifano. Aliwaomba wanawake wawili wa kikundi cha ngoma washikane, naye mwenyewe akakubali kushikwa na kujilegeza ili ajue uzito unakwenda wapi. Michoro yake ya siku hizo inafundisha kuliko michoro yote ya nyuso aliyoifanya kabla. Anayeshika hurudisha mguu mmoja nyuma na kukunja goti kidogo. Mikono yake haimshiki mwenzake kwa viganja, kwa sababu viganja huteleza juu ya khanga. Hupitisha mikono chini ya makwapa, kisha mkono mmoja hukamata kifundo cha mkono mwingine mbele ya kifua, kama kufuli. Anayeshikwa mabega yake hupanda juu hadi karibu na masikio, shingo hupotea, na visigino huburuza huku nyayo zikielekea nje. Hakuna lolote kati ya hayo linalohitaji uso.

Hapo likaja tatizo la ujenzi. Fikra iliyo karibu na mtu wa Tanzania anapowaza watu wanaobebana ni ule mtindo wa Kimakonde uitwao ujamaa, ambamo watu wengi hupandana katika gogo moja la mpingo. Mpingo unaruhusu hivyo kwa sababu mchongaji huondoa tu, na kilichobaki ni mti uleule mmoja. Udongo hukauka, husinyaa na kuvutana. Miili miwili iliyogandishwa kifua kwa mgongo ingeunda ukuta mnene kabisa pale inapogusana, yaani ingerudisha kosa la vile vichwa katika ukubwa maradufu. Mfinyanzi aliamua kuijenga miili kando kando na kutoiunga kabisa. Wakati udongo ukiwa bado laini aliiegemeza mmoja juu ya mwingine, karatasi ya nailoni ikiwa katikati, ili kila mgongo ujichoree nafasi yake katika kifua kilichoupokea. Kisha aliitenganisha, ikakauka na kuchomwa kila mmoja peke yake, ikakutanishwa tena baada ya moto. Ili hilo liwezekane, miili yote miwili ilipaswa kusinyaa sawasawa, kwa hiyo udongo ulichanganywa kwa mkupuo mmoja na kuta zikapimwa kwa sindano ndefu yenye alama.

Udongo wenyewe uliongezwa vigae vilivyotwangwa na kuchekechwa, takriban robo ya uzito wote. Vigae vimekwisha kusinyaa katika moto wao wa kwanza, hivyo hupunguza msinyao wa mchanganyiko na kufungua njia ndogondogo za maji kutoka. Vipande vya sanamu zilizopasuka vilitwangwa pamoja na magae mengine ya karakanani. Baadaye baadhi ya wageni walilifanya jambo hili kuwa hadithi kubwa ya uso wa mama kuzaliwa upya. Kwa maoni yangu hadithi hiyo ni ya kuongezewa. Karakana yoyote inayojua thamani ya magae ingeyatwanga.

Vichwa vilifinyangwa vikiwa vizima, vikaachwa vikakamae kidogo, vikakatwa kwa waya utosini, vikakombwa ndani, na kifuniko kikarudishwa kwa kukwaruza pande zote mbili na kupaka uji wa udongo. Kila mwili uliachiwa matundu, chini ya makalio na ndani ya mikunjo ya khanga. Wafinyanzi wa Nok, katika Nigeria ya leo, walijenga sanamu zao kubwa zikiwa wazi ndani zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na macho yao yaliyotobolewa, ambayo wengi huyatazama kama urembo, yalifaa pia kuupa mvuke njia.

Kuhusu ngozi na nguo, Mfinyanzi alifanya kinyume cha ilivyozoeleka. Alisugua khanga kwa kokoto laini mpaka ikang’aa, kama bibi yake alivyosugua mitungi, lakini mikono, miguu na nyuso akaziacha zikiwa na mkwaruzo wa vigae. Uso unaong’aa, alisema, unafanana na vichwa vya watalii. Nyuso zenyewe ziliinamishwa, na jicho likawa alama moja ya dole gumba. Wapo wakazi Waislamu wa jirani na ukumbi waliokuwa na wasiwasi kuhusu sanamu za watu, nao walipoona nyuso zisizo na sura kamili walidhani zimefanywa hivyo kwa ajili yao. Mfinyanzi hakuwakanusha wala hakuwadanganya. Alieleza sababu yake na kuwaacha na yao.

Joko lilikodiwa kwa ajili ya sanamu peke yake. Moto mdogo uliwashwa mdomoni mwa joko jioni na kulindwa usiku kucha chini ya kiwango cha kuchemka, na kila baada ya muda kipande cha kioo kilishikwa juu ya tundu la juu: kikiingia ukungu, maji bado yanatoka. Kioo kilipobaki kikavu ndipo kuni zilipoongezwa, polepole, hasa katika kupita nyuzi 573, ambapo chembe za mchanga wa kwatsi zilizomo udongoni hubadili umbo na kutanuka ghafla, na hupungua ghafla vilevile joko linapopoa. Waliposoma rangi ya chungwa iliyokoza ndani, na kipimajoto cha kuazima kikaonesha karibu nyuzi 900, walisimamisha, kwa sababu moto mkali zaidi ungeua mng’ao wa khanga. Mdomo ulizibwa kwa tope na joko likaachwa lipoe lenyewe hadi mkono uliweza kuingia.

Matokeo

Jozi nne zilitoka. Hakuna kilichopasuka, isipokuwa kifundo cha mkono cha mmoja wa washikaji kilichopata ufa, kikaunganishwa kwa gundi ya epoksi, na ukarabati huo ukaandikwa wazi kwenye maelezo ya kazi. Migongo ilirudi katika vifua vyake bila kuhitaji gundi, ingawa jozi moja ilicheza kidogo na kuwekewa kipande cha ngozi katikati.

Ukumbini mambo hayakuwa sawa yote. Siku moja msafishaji aliinua sanamu za jozi moja ili afute meza, kisha akaziweka kila moja mahali pake kwa nadhifu. Kwa muda wote uliopita kabla haijagunduliwa, wageni walimtazama yule aliyelala chali peke yake, na wawili walimwambia mhudumu kwamba sanamu ile ni ya mlevi. Mnunuzi mmoja alitaka kumnunua anayeshikwa tu, akiona mshikaji ni wa ziada. Mfinyanzi alikataa, na mauzo hayo yakapotea. Jozi mbili ziliuzwa zikiwa kamili.

Washauri nasaha wa taasisi walizitumia jozi zilizobaki katika vikao vyao, na hapo ndipo kazi ilipofanya zaidi ya ilivyotarajiwa. Watu ambao hawakuweza kueleza walivyojisikia waliweza kueleza ni nani aliyewashika. Lakini mjane mmoja mwanamume aliuliza kwa nini washikaji na washikwaji wote ni wanawake, kwa kuwa yeye msibani alipewa kiti na kuachiwa kazi ya kupokea rambirambi, na hakuna aliyemgusa. Msichana mmoja alisema kwamba kwao hawakuwa na ndugu karibu, na kwamba sanamu zile zilimuumiza. Mfululizo haukuwa na jibu kwa yeyote kati yao.

Uchambuzi

Nimesema mwanzoni kwamba matatizo mawili yalitokana na uamuzi mmoja, nao ni uamuzi wa kuiweka hisia yote usoni. Uso ukipewa kazi hiyo, msanii hutafuta mfanano, na mfanano una mwenyewe. Ukipewa kazi hiyo katika udongo, msanii huongeza donge juu ya donge, na kichwa huwa ndicho sehemu nene na bichi kuliko zote. Joko lilianza na kichwa kilekile ambacho mtaa ulikilalamikia, na halikuwa na habari ya maadili. Lilifuata unene tu. Baadhi ya wanafunzi wangu hupenda kuona hapo adhabu, na huwarudisha kwenye kipimo cha ukuta.

Kuhusu ridhaa, hoja ya Mfinyanzi kwamba picha ilikwisha kusambaa haisimami. Mtu anayepigwa picha kwenye msiba hayuko katika hali ya kukubali wala kukataa, na hata aliyekubali kupigwa picha ya kumbukumbu hakukubali kuwa kichwa cha udongo ukumbini. Zaidi ya hapo picha ilikuwa na mpigaji, ambaye naye ana haki zake chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na yeye pia hakuulizwa. Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini kisa hiki hakikufika kwenye sheria, na sidhani kingetatuliwa vizuri huko. Kilitatuliwa kwa sababu Mfinyanzi alikwenda mwenyewe, akiwa na mtu mzima wa kumsindikiza, akaonesha picha badala ya kuieleza, na akampa mama uwezo wa kweli wa kukataa, yaani kuvunja. Kama angefika na bahasha, mazungumzo yangekuwa ya bei.

Kilichofaulu zaidi kisanaa ni kwamba swali la mama lilichukuliwa kama taarifa ya kazi. Ingekuwa rahisi kulipokea kwa adabu na kurudi kwenye mpango wa zamani, au kuongeza mkono mmoja begani pa kila sanamu. Mfinyanzi aliuacha muundo wake wote alioupenda tangu chuoni, akauliza uzito unakwenda wapi, na jibu la swali hilo likampa mkao, ujenzi na hata namna ya kuchoma. Miili isiyoungwa ilikuwa suluhisho la msinyao. Ikawa pia maana ya kazi, kwa kuwa anayeshikwa, akiondolewa kwa mwenzake, hawezi kukaa. Wale wageni walioona mlevi waliona sawasawa kile kilichokuwa mbele yao.

Kilichoshindikana zaidi ni upana wa macho. Mama mmoja alieleza msiba wake, na maelezo yake yakawa kanuni ya misiba yote, kama vile wazazi wa Vladslo walivyokuwa kanuni kabla yake. Kubadilisha mfano mmoja kwa mwingine, hata ulio wa nyumbani na wa kweli zaidi, hakumpi msanii habari za yule aliyepewa kiti. Mpango wa mwanzo ulikuwa na mzee aliyesimama mikono nyuma, aliyetoka jokoni na ufa wa shingo, na kati ya sanamu zote saba yeye ndiye aliyestahili kufuatwa badala ya kuwekwa rafuni.

Yaliyobaki kufanyiwa kazi

Kwa upande wa ufundi, jozi zinahitaji ufunguo wa kuzifunga pamoja kwenye kitako, kwa mfano ulimi mdogo wa udongo unaoingia katika tundu, ili msafishaji asiweze kuzitenganisha bila kujua, na maelekezo ya picha yabandikwe chini ya kila mwili. Mkataba wa ukumbi unapaswa kutaja msimu wa kukausha na kusema kwamba kila jozi ni kazi moja kwa ajili ya bima na mauzo. Ufa wa kifundo cha mkono ulitokana na kidole na kifundo kukauka kabla ya mkono wa juu. Kitambaa kibichi kingezungushwa hapo kwa siku za mwanzo, kingetosha.

Mfinyanzi ameanza kuchora wanaume. Mjane aliyeuliza lile swali amekubali kukaa kwenye kiti karakanani, akiwa na shati lake la kawaida na bila kupigwa picha, kwa makubaliano yaliyoandikwa kwamba michoro ya kichwa itachanwa kila kikao kinapokwisha.